Daftari Lako la Safari

Umazi mwanangu,

Sitaanza kwa kukuuliza hujambo, maana uko Magogoni kwa shangazi yako na jibu lako nalijua kabla hujalitoa. Umetoka hapa asubuhi kwenda kuaga, na mimi leo sikwenda kiwandani. Nimewaambia nina homa. Homa sina, ila kukaa siwezi. Tangu uondoke nimefagia ua mara mbili, nimelifungua begi lako nikalifunga, nimekaa niandike, nimeinuka kwenda kutazama maharagwe ambayo hayajaiva na hayataiva kwa kutazamwa. Sasa ni saa saba mchana. Nimekaa tena.

Mambo ya sweta, ya shuka, ya kuchemsha maji, hayo tumeyasema wiki nzima mpaka ukaziba masikio. Humu hutayaona. Humu nina jambo moja tu, na linamhusu Profesa Nekesa, ambaye kesho jioni atakuwa amesimama stendi kukungoja, na wewe umeapa kumpita kama humjui. "Afadhali nilale stendi," uliniambia Jumapili. Nilikuwa nimekushika kichwa nakusuka. Ukasema, "Mama, mstari umepinda." Nikaufumua, nikaanza upya.

Yule mama hakukukosea. Aliyekukosea ni mimi. Ngoja nieleze kwa mpango, maana nikianza kurukaruka nitapata pa kutokea.

Ulikuwa kidato cha pili alipokuja Shika Adabu mara ya kwanza. Unamkumbuka: mfupi, wa bara, kavaa raba za kukimbilia na gauni la kanisani, begani mkoba umejaa madaftari. Akapita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba anafundisha saikolojia chuoni, mambo ya nafsi za watu, na anachotafuta ni safari zetu za kila siku. Tunakwenda vipi kazini na shuleni, kwa miguu, kwa feri, kwa tuktuk, na njia hizo zinatuacha na moyo gani. Bi Mwanasha, muuza viazi karai wetu hapa nje, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Wallahi, Mama Umazi, mtu kasoma mpaka vitabu vimemwishia. Sasa yuaja kutuuliza tumepanda nini."

"Nimesikia, bibi," Profesa akasema. "Na wewe umepanda nini leo?"

"Mimi nimepanda kiti hiki tangu alfajiri. Kaandike."

Akaandika kweli, mbele yake, na saa pia akaiandika. Ndipo Bi Mwanasha akampa kiazi na kumwambia akae.

Alitaka mtu wa hapa wa kumgawia madaftari na kuyakusanya kila Jumapili. Bi Mwanasha akanitaja mimi, kwa kuwa kwaya imenijulisha kila mlango wa mtaa huu. Kila daftari lilikuwa na nyuso tano, kuanzia ule unaocheka mpaka ule unaolia, na jioni mtu aweke alama kwa kila safari ya siku ile. Ukimaliza wiki unalitia kwenye bahasha, unaibandika mwenyewe, unaandika jina juu. Profesa aliniambia mara tatu nisifungue. "Mtu akijua jirani atasoma," alisema, "ataniandikia kile anachotaka jirani asome." Nikaitikia. Nikatia sahihi.

Wiki ya pili akaja amechanganyikiwa. Alikaa hapa hapa ninapoandikia.

"Mama Umazi, watu wako wanaamka saa kumi. Wanasimama kivukoni mpaka miguu inawaka moto. Wanatembea juani. Na kila siku, wote, uso unaocheka. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Mnanidanganya, ama mmebarikiwa?"

Nikamwambia hatudanganyi. Mtu akikuuliza habari za safari, jibu ni njema. Hata kama umeanguka njiani na damu inakutoka, njema kwanza. Ni adabu tu, tumelelewa hivyo. Ukishakaribishwa ukakaa, ukapewa maji ukanywa, ndipo unasema, "Njema, lakini." Na hapo habari yenyewe inaanza.

"Daftari lako, Profesa, linauliza mara moja kisha linafunga mlango. Umetusalimu, tumekuitikia. Hujatukaribisha ndani."

Alinitazama mpaka nikaona haya. Kisha akachukua daftari moja, akaandika chini ya zile nyuso kwa mkono wake neno moja, Lakini, na mbele yake akapiga mstari mrefu mtupu. Jumapili iliyofuata madaftari yote yalikuja hivyo. Sikuwahi kukueleza nilivyojisikia siku ile. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili na wewe tumboni, miaka tisa nashona mikono ya mashati na sijawahi kushona shati zima, nimemfundisha profesa kitu. Nilipanda feri Jumatatu kama mtu aliyevishwa taji.

Labda hilo ndilo lililoniharibu.

Nimeinuka hapo nikaongeza maji kwenye maharagwe. Nimerudi.

Jumapili jioni bahasha zilikuwa mezani, na yako ilikuwa juu. Ningependa kukuambia niliifungua kwa hofu ya mama, kwamba niliona una jambo. Sikuona kitu. Nilikuwa na umbea na kiburi. Nilitaka kujua hiyo lakini yangu imezaa nini, na mwandiko uliokuwa juu ulikuwa wako, na uliokuwa wako niliuhesabu kuwa wangu. Wewe ulikuwa umetumwa maji. Nikaishika bahasha juu ya mvuke wa sufuria mpaka gundi ikaachia.

Nilichokisoma nakijua mpaka leo neno kwa neno. Jumatatu: *Kutoka shule kwa miguu. Njema. Lakini nimepita nyuma ya madrasa, watoto walikuwa wakisoma, nikasimama kuwasikiliza.* Uso unaocheka. Jumanne: *Njema. Lakini mwarobaini wa kwa fundi baiskeli umetoa maua, na fundi ananiita daktari sijui kwa nini.* Uso unaocheka. Nikatabasamu na mwiko mkononi. Kisha nikaona kwamba mstari wa mwisho wa kila siku, ule wa kufika nyumbani, umeutia alama kwenye uso unaolia. Siku tano. Na Alhamisi umeandika: *Njema. Lakini nikikaribia nyumbani natembea polepole. Mama huwa amerudi kutoka kazini ila bado hajafika. Anaongea na sufuria.*

Sikulia, Umazi. Ungenikuta nalia ningekuwa mtu afadhali. Nilikasirika. Niliona yule mgeni akisoma, akinihurumia. Niliona watu wa chuo wakipitishiana karatasi ya Mama Umazi anayeongea na sufuria. Nikachukua raba kwenye mkoba wako wa shule, nikafuta nyuso zile tano, nikaweka alama kwenye zinazocheka. Nikafuta maneno ya Alhamisi, nikaandika *Njema* kwa mwandiko wako, nikajitahidi hata kuipindisha ile j kama unavyoipindisha. Bahasha nikaibandika kwa uji wa unga. Uliporudi na maji nilikuuliza mbona umechelewa.

Hilo ni la kwanza. La pili unalijua nusu yake.

Jumatatu jioni Profesa alipitia bahasha zake; Jumatano nikapatana na mume wa Bi Mwanasha awe akikuchukua kwa tuktuk pale mlangoni pa shule. Nikakuambia, "Hizo njia za nyuma ya madrasa zimekwisha. Saa kumi na moja uwe ndani." Ulikuwa unavua viatu. Ukabaki na kimoja mkononi.

"Nani kakuambia mimi hupita nyuma ya madrasa?"

Nikafunika sufuria.

"Mama, umefungua bahasha yangu?"

"Mimi? Mimi mchukuzi tu. Kamuulize Profesa wako, yeye ndiye kaniita pembeni."

Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimekutazama usoni na sauti haikutetemeka. Mtu anaweza kudhani uongo mkubwa unahitaji maandalizi, lakini ule ulikuwa tayari mdomoni, ulitoka kama salamu.

Profesa alipokuja Jumapili ulimsubiri mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yako na sinia la chai.

"Uliniahidi," ukamwambia.

"Nilikuahidi. Ulichoandika ni chako, sijakitoa kwa mtu."

"Basi kakitoa nani?"

Akakutazama wewe. Akanyanyua macho akanitazama mimi. Nilijua wakati ule ule kwamba amejua. Na alinyamaza, mwanangu. Ukangoja, akanyamaza, ukaona kimya chake ndicho jibu, ukaingia chumbani. Tangu siku ile hukuandika tena, hukumsalimu tena, na kila alipokuja ulikuwa na kazi uani.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Hakuanza kwa kunilaumu. Alisema penseli iliyofutwa huacha mfereji kwenye karatasi, na yeye aliusikia kwa kidole kabla hajauona kwa macho.

"Mbona hukumwambia?" nikamuuliza.

"Daftari lake niliahidi kulitunza. Na lako pia ninalo, Mama Umazi, na karatasi ya ahadi mlitia sahihi moja. Siwezi kumtolea mmoja siri ili nimtulize mwingine. Mwambie wewe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Profesa."

Akatembea kidogo, kisha akasema jambo ambalo lilinikaa kuliko lawama. Akasema kazi yake yote ni kutafuta watu wanaotembea kwa kupenda. Watu wanaambiwa watembee, wapande vyombo kwa pamoja, wasikimbilie kununua magari, wanapewa sababu za hewa na za dunia, wanatikisa kichwa na kwenda kuota magari vilevile. Mtu hushikilia njia inayompa kitu. "Binti yako alikuwa na njia inayompa kitu," akasema. "Nilisoma kurasa zake mara mbili kwa raha yangu tu. Sasa umempandisha tuktuk."

Baada ya mwezi nilikuachia utembee tena. Unakumbuka? Nilikuambia kwa ukali, kama mtu anayekupa adhabu, ili usijue najuta. Lakini hukurudi nyuma ya madrasa. Nilikuchungulia siku moja ya mapumziko. Ulipita barabara kubwa, haraka, kichwa chini, kama mtu aliyetumwa. Hicho ndicho nilichokichukua kwako, na sijui kama kuna mtu wa kukirudisha.

Tangu siku ile ni miaka mitatu. Sababu zangu zilikuwa nyingi na zote nzuri. Kwanza una mitihani. Kisha bibi yako kaugua. Kisha ukafanya mtihani wa mwisho, nikasema nisikutibue. Kisha matokeo, furaha, nikasema nisiiharibu furaha. Mtu anayetaka kunyamaza hakosi tarehe. Serikali ilipokupangia chuo kile kile anachofundisha yeye nilikaa kitandani na simu mkononi, nikajua Mungu amechoka na tarehe zangu.

Juzi nilimpigia. Nilimwomba akuambie yeye, kwa kuwa yeye ana maneno. Akacheka kidogo, akasema maneno anayo ila hayo si yake. Kisha akasema, "Nitakuwa stendi hata akinipita. Pale basi linaposimama pana duka la viatu, nitakuwa mlangoni. Aone tu kuna mtu anayemjua, hata kama hamtaki." Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kwa mtoto anayemchukia. Akasema mtoto huyo alimwamini kwa wiki tatu, na kuaminiwa kwa wiki tatu si jambo dogo.

Wewe huko humjui mtu. Mimi simjui mtu. Ninaye huyo mmoja, na nilimchafua mimi.

Sasa nikuambie nililojifunza, halafu niache, kwa sababu sijui kufundisha. Baada ya yale niliendelea kuandika daftari langu mwenyewe, bila kulipeleka popote. Niliandika ukweli kwa mara ya kwanza. Kivukoni, uso unaolia. Njia ya Changamwe kwenda kiwandani, uso unaolia. Kupanda kutoka kivukoni jioni, uso unaolia. Halafu nikafika kwenye mstari wa kufika nyumbani na sikuwa na uso wa kuuwekea alama, maana sikukumbuka kufika. Nilikumbuka sufuria. Nikaona ulichokiona. Nilikuwa naubeba msongamano wa kivukoni kutoka ng'ambo mpaka jikoni, naumwaga hapo, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Ndiyo sababu jioni huwa nakaa kwanza kwenye benchi la Bi Mwanasha kabla ya kuingia. Wewe ulidhani nasengenya, na siku nyingine nasengenya kweli. Lakini aghalabu nakaa tu. Yeye mwenyewe hunifukuza: "Haya, Mama Umazi, sura imerudi, nenda kwa mwanao." Na ukiangalia, tangu wakati huo sijakufokea nikiwa bado na kanga ya safari begani. Nimekufokea baadaye, nikiwa nimekaa. Huko ni kukufokea kwa haki.

Nilikuzaa nina miaka kumi na saba. Tumekua pamoja, na wakati mwingine wewe ulitangulia. Yale uliyoyaandika ukiwa na miaka kumi na tano mimi nimeyafikia na thelathini na mitatu.

Sikuambii umpende Profesa. Sikuambii ufanye naye kazi, ingawa amesema ana nafasi ya wanafunzi wa kugawa madaftari kama nilivyogawa mimi. Ukiichukua kazi hiyo, ujue siku moja utakuwa na bahasha ya mtu mkononi na sababu nzuri ya kuifungua. Sababu itakuwa nzuri sana, nakuambia, itakuwa na sura ya mapenzi. Mimi nilikuwa nakupenda siku ile. Nilikupenda na bado nikakufuta.

Jambo ninalokuomba ni dogo kuliko hilo. Kesho ukishuka kwenye basi, mwangalie yule mwanamke ukijua alivyofanya. Aliachwa aonekane mwongo mbele ya mtoto aliyempenda, na neno moja lingemtoa, na hakulisema kwa kuwa aliniahidi mimi pia. Mimi sijawahi kutunza ahadi kwa bei hiyo. Ukimpita baada ya kujua, umempita kwa haki yako. Lakini usimpite kwa uongo wangu.

Bi Mwanasha yuko nje anapiga kelele kwamba Umazi ameshaonekana kule chini, anakuja na mfuko wa maembe wa shangazi yake. Mkono unaharakisha, utanisamehe mwandiko.

Nilikusudia kuiweka barua hii katikati ya shuka zako, uikute huko mbele, basi likiwa limeshapita Voi, ambako ungesoma peke yako na mimi nisikuone. Nimeona ule ungekuwa mvuke wa sufuria kwa namna nyingine. Nakupa mkononi, sasa hivi, kabla ya chakula. Ukitaka kupiga kelele, piga, mtaa usikie. Ukitaka kulala kwa Bi Mwanasha leo, nenda, nimemwomba akutandikie na sikumwambia kwa nini. Ukitaka kuniuliza swali, uliza, na jibu halitatofautiana na lililo humu.

Ila usikimbilie kuniambia umenisamehe ili nisihuzunike. Hayo ya kunichunga mimi yametosha, umeyafanya tangu utotoni. Na ikiwa huna la kuniambia mpaka asubuhi, panda basi lako bila kuniambia kitu. Nitakusindikiza vilevile, nimebeba begi, hatua mbili nyuma yako.

Mamako,
Kadzo